Jiwe, Mti na Chumba cha Giza: Uhakiki wa Masimulizi ya Kanisa Kuu la Mkunazini

Utangulizi

Makala hii inakusudia kuyachunguza masimulizi yanayolizunguka Kanisa Kuu la Kristo lililopo Mkunazini, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, na kuuliza ni yapi kati yake mhubiri aweza kuyatumia kwa dhamiri safi. Huenda msomaji akashangaa kwamba swali hili linaulizwa kutoka nyanda za juu za Karatu na Ngorongoro, mbali na bahari, na tena linaulizwa na Walutheri juu ya jengo la ndugu zetu Waanglikana. Sababu zetu ni mbili.

Kwanza, wageni wengi wanaoshuka katika kreta ya Ngorongoro humalizia safari yao Zanzibar, na vijana wa sharika zetu wanaofanya kazi ya kuongoza watalii huulizwa habari za kisiwa kile kabla wageni hawajapanda ndege. Pili, masimulizi ya Mkunazini yamekwisha kuingia mimbarani. Mfano wa madhabahu iliyosimama mahali pa mijeledi unawavuta wasikilizaji, na mhubiri mwenye kuutumia wakati wa Kwaresima hana shida ya kupata usikivu. Lakini neno likishasemwa mimbarani hubeba uzito ambao maneno ya njiani hayana. Msikilizaji hulipokea pamoja na Injili, na siku atakapogundua kwamba sehemu yake haikuwa kweli, hatajua aitenge wapi sehemu hiyo na ile nyingine.

Hatuandiki kwa nia ya kubomoa. Kanisa la Mkunazini ni ushahidi mkubwa, na hoja yetu ni kwamba ukweli wake watosha bila kuongezewa chochote.

Historia kwa ufupi

Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyojulikana kwa kifupi kama UMCA, ilizaliwa baada ya hotuba ya David Livingstone aliyoitoa Cambridge mwezi Desemba 1857. Jaribio lake la kwanza katika bonde la mto Shire lilikwisha kwa msiba: Askofu Charles Mackenzie alifariki mwaka 1862. Mrithi wake, Askofu William Tozer, aliihamishia misheni Zanzibar mwaka 1864, akifuatana na Dk. Edward Steere. Steere ndiye aliyejifunza Kiswahili cha Unguja kwa bidii ambayo sote tusomao Biblia ya Kiswahili tunanufaika nayo hadi leo. Kitabu chake cha mwongozo wa lugha na mkusanyiko wake wa hadithi za Waswahili vilitoka vyote mwaka 1870.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa baharini na kufunga masoko ya watumwa katika milki yake. Hakufanya hivyo kwa hiari. Ujumbe wa Sir Bartle Frere ulikuwa umeshindwa kumshawishi mapema mwaka huo, na Balozi John Kirk ndiye aliyempelekea tishio la kisiwa kuzingirwa na manowari za Waingereza. Uwanja wa Mkunazini, soko la mwisho la wazi, ukaingia mikononi mwa misheni. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka 1873. Steere aliwekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1874, akasimamia ujenzi mwenyewe, na ibada ya kwanza ikafanyika Krismasi ya mwaka 1879. Kuta ni za mawe ya matumbawe, na paa ni kuba refu la matumbawe na saruji, lisiloshikiliwa na boriti hata moja. Steere alifariki Zanzibar mwezi Agosti 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu.

Hayo ndiyo yaliyoandikwa na watu wa wakati ule. Sasa tuyatazame yanayosimuliwa.

Masimulizi manne

La kwanza ni la madhabahu. Mbele yake sakafuni pana duara la marumaru, nalo laonyeshwa kuwa ndipo uliposimama mti ambao watumwa walifungwa na kuchapwa kabla ya kunadiwa, ili mnunuzi apime uvumilivu wao. Hili ni pokeo la kanisa lenyewe. Kwamba kanisa limejengwa katika uwanja wa soko, hilo ni hakika. Kwamba mti ulikuwa katika hatua zile zile kamili, hilo lategemea kumbukumbu iliyopokezwa kwa mdomo. Kwa maoni yetu mhubiri hapotezi kitu akisema hivyo waziwazi. Meza ya Bwana iliwekwa katika uwanja ambamo watu waliuzwa. Maana hiyo haiongezeki wala haipungui kwa kipimo cha dhiraa tano mashariki au magharibi. Mtu atakayeng'ang'ania duara atakuwa ameutegemeza ujumbe mzito juu ya kitu chepesi.

La pili ni la nguzo. Karibu na birika la ubatizo zimesimama nguzo za marumaru ambazo, kwa masimulizi, zilisimamishwa kichwa chini na mafundi wenyeji Askofu alipokuwa safarini. Mgeni hucheka, mwongozaji hucheka, na msafara huendelea. Sisi tunaona hapa pana jambo la kutazamwa kwa makini kuliko inavyodhaniwa. Mafundi hao hao ndio waliomwaga kuba ambalo limedumu kwa zaidi ya miaka 140 katika hewa ya chumvi. Katika masimulizi ya kawaida hawasifiwi kwa kuba. Wanakumbukwa kwa nguzo. Ufundi umepewa Askofu, na kosa wameachiwa wao. Hadithi inayochekesha yaweza kuwa imebeba dharau ndani yake bila msimuliaji kukusudia, na dharau hiyo huingia hata kwa kijana Mwafrika anayeirudia kila siku mbele ya wageni.

La tatu ni la msalaba wa mbao ulio ndani ya kanisa, ambao husemwa kuwa umechongwa kutoka katika mti wa kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone. Livingstone alifariki huko mwanzoni mwa Mei 1873, mwezi mmoja tu kabla ya mkataba, asijue kwamba soko lingefungwa. Habari za kifo chake zilikuwa hazijafika Unguja jiwe la msingi lilipowekwa. Mpangilio huo wa tarehe wenyewe wahubiri bila msaada wa mti. Lakini tuulize msalaba huo unamkumbusha mtazamaji nani. Unamkumbusha mtu mmoja. Waliouzika moyo ule, wakaukausha mwili na kuubeba kwa miezi mingi hadi Bagamoyo, ambako walifika Februari 1874, walikuwa Abdullah Susi, James Chuma, Jacob Wainwright na wenzao, wanaume kwa wanawake. Chuma na Wainwright walikuwa wamewahi kuwa watumwa, wakakombolewa. Msalaba uliopata heshima kwa sababu ya kaburi la moyo ungepaswa kuwataja kwanza walioichimba ardhi.

La nne ndilo zito zaidi. Kando ya kanisa, chini ya jengo liitwalo Mtakatifu Monika, pana vyumba viwili vya chini, vyenye dari la kugusa kichwa, madirisha membamba na minyororo. Kwa miaka mingi wageni wameambiwa kwamba humo ndimo watumwa walimosongamanishwa wakingoja mnada, na kwamba wengi walikufa humo kwa kukosa hewa. Hata hivyo jengo lililo juu yake lilijengwa na misheni yenyewe baada ya soko kufungwa, na lilitumika kwa kazi za tiba. Wanahistoria wamekwisha kueleza kwamba vyumba hivyo ni sehemu ya jengo hilo na vilifaa kwa kuhifadhia vitu. Maelezo ya zamani kuhusu Zanzibar yanaonyesha pia utaratibu mwingine. Ofisa Mwingereza Thomas Smee, aliyefika kisiwani mwaka 1811, alieleza jinsi watumwa walivyopangwa kwa kimo na kutembezwa sokoni na mitaani saa za alasiri, wakiwa wamepakwa mafuta na kuvikwa mapambo, mwenye mali akitangulia na kutangaza bei. Walitoka majumbani mwa wafanyabiashara na kurudishwa huko wasiponunuliwa.

Msomaji atafakari picha hizo mbili. Katika picha ya kwanza uovu umefichwa shimoni, gizani, mbali na macho ya watu wema. Katika picha ya pili uovu unatembea barabarani saa kumi jioni, mtu anapakwa mafuta ang'ae, na majirani wanatazama na kuendelea na shughuli zao. Ya pili ndiyo iliyoshuhudiwa, nayo ndiyo inayotisha zaidi. Shimo hutufariji kwa sababu hutuwezesha kudhani kwamba sisi, tungaliona, tusingalinyamaza.

Hadithi ina mwenyewe

Katika kuyalinganisha masimulizi haya tunaona kanuni moja: kila hadithi ya mahali patakatifu humchagua wa kuheshimiwa na wa kulaumiwa. Ile ya nguzo huwalaumu mafundi. Ile ya msalaba humheshimu msafiri na kuwasahau wachukuzi. Ile ya vyumba, ikisimuliwa katika kisiwa ambamo Wakristo ni wachache miongoni mwa Waislamu, huweka lawama yote mlangoni pa jirani wa dini nyingine, hali msimuliaji amesimama katika jengo la kanisa na mikono yake safi.

Hapa sisi Walutheri tunapaswa kunyenyekea. Ni kweli wenye soko la Unguja walikuwa Waislamu, na hilo halifichiki. Lakini kufungwa kwa soko hakukuwa mwisho wa utumwa. Hali ya utumwa iliendelea kutambuliwa kisheria Zanzibar hadi mwaka 1897, miaka 24 baada ya jiwe la msingi, na muda wote huo karafuu ziliendelea kuchumwa na watumwa na kununuliwa na mataifa ya Kikristo. Upande wa bara, serikali ya Kijerumani haikuufuta utumwa kamwe. Amri yake ya mwaka 1904 iliwaweka huru watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 tu, na utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922 chini ya Waingereza. Basi Kanisa letu la Azania Front, lililojengwa Dar es Salaam na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, lilisimama katika mji mkuu wa koloni ambamo mtu aliweza kummiliki mtu kwa mujibu wa sheria ya serikali ya Kikristo. Hakuna chumba cha giza kinachoonyeshwa pale, na hakuna anayeulizwa.

Mfano wa nyumbani wafaa pia. Katika mkoa wetu wa Arusha, mwezi Oktoba 1896, wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, katika miteremko ya Mlima Meru. Wamekumbukwa kwa haki kama mashahidi wa Injili. Lakini mara nyingi husimuliwa kana kwamba waliuawa na watu waliokataa Neno. Historia yasema zaidi: Kapteni Kurt Johannes na askari wake walikuwa wamepiga kambi karibu, wapiganaji wa Arusha na Meru walikuwa na sababu ya kuwahofia, na wamisionari walionekana machoni pao kuwa watu wa kundi hilo hilo. Baada ya mauaji, Johannes aliongoza vita vya kulipiza kisasi vilivyoua watu wengi na kunyang'anya ng'ombe wao. Tukisimulia vifo viwili na kuviacha vile vingine, tumefanya lile lile linalofanyika katika vyumba vya Mtakatifu Monika.

Funzo la Ngorongoro

Wenyeji wa Karatu na Ngorongoro wana sababu ya pekee ya kulielewa jambo hili, kwa kuwa wanaishi katika nchi inayosimuliwa kila siku na watu wengine. Katika ukingo wa kreta, kando ya barabara, lipo kaburi la Michael Grzimek, aliyekufa kwa ajali ya ndege Januari 1959, na la baba yake Bernhard, aliyefariki mwaka 1987. Kila gari hupita hapo. Ndani ya kreta yapo makaburi ya wazee wa Wadatoga, waliokaa humo kabla ya kushindwa na Wamaasai katika karne ya 19. Hakuna anayesimamisha gari kwa ajili yao isipokuwa Wadatoga wenyewe. Wamaasai nao walilishia ng'ombe sakafu ya kreta, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ndugu wawili Wajerumani wa ukoo wa Siedentopf walikuwa na mashamba humo. Hifadhi ilipoanzishwa mwaka 1959 ilikusudiwa kuwa makao ya watu na wanyama pamoja. Wakazi wa ndani ya kreta waliondolewa mwaka 1974.

Hata hivyo hadithi inayopendwa na wageni ni ya bustani ya Edeni ambayo haikuwahi kukanyagwa na mkulima wala mchungaji wa mifugo. Hadithi hiyo haina madhara ikiwa ni ya kupendezesha safari tu. Lakini tangu mwaka 2022, familia zilipoanza kuhamishiwa Msomera wilayani Handeni, swali la nani alikuwapo, tangu lini, na kwa haki gani, limekuwa swali la mkate na la kaburi la babu. Hatuingii hapa katika uamuzi wa serikali. Mjadala huo una mahali pake. Tunasema hili tu: watu ambao habari zao zimefutwa katika hadithi huona vigumu kusikilizwa katika baraza. Mchungaji wa Endulen au Nainokanoka anajua hivyo kuliko mwalimu yeyote wa historia ya Kanisa.

Tathmini ya kiteolojia

Twaweza kuulizwa: je, hadithi haina nafasi katika imani? Biblia yenyewe haikuwaagiza Waisraeli kuandika tasnifu. Iliwaagiza kusimamisha mawe 12 kutoka Yordani, na watoto watakapouliza maana yake, wasimuliwe (Yos. 4). Tunakubali. Kanisa huishi kwa kusimulia. Lakini katika agizo hilo mawe yalitolewa mahali pale pale palipotokea tendo, na walioyabeba walikuwa wawakilishi wa makabila yote. Kumbukumbu haikukabidhiwa kabila moja iseme kwa niaba ya mengine.

Luther, katika Mjadala wa Heidelberg wa mwaka 1518, alitofautisha mwanateolojia wa utukufu na mwanateolojia wa msalaba; tofauti moja kubwa kati yao ni kama mtu yu tayari kulitaja jambo kwa jina lake halisi. Mkunazini patupa mtihani huo. Simulizi la utukufu husema: soko lilifungwa, kanisa likajengwa, giza likashindwa. Simulizi la msalaba husema: mkataba ulitiwa sahihi chini ya mizinga, utumwa uliendelea, kanisa lilijengwa na mikono ambayo haikutajwa, na katika hayo yote Kristo alikuwapo mezani kwa ajili ya wauzwao na wauzao. Na katika kuifafanua amri ya nane, Katekisimo Ndogo hutudai zaidi ya kuacha kusema uongo. Hutudai tumtetee jirani na kumsema vyema. Jirani huyo ni pamoja na fundi aliyekufa na Mwislamu aliye hai.

Kwa upande wa sanaa, tungependa kusifu kazi moja iliyopo kiwanjani hapo. Mwaka 1998 iliwekwa sanamu ya mchongaji kutoka Sweden, Clara Sörnäs: watu watano wamesimama ndani ya shimo la mraba lililochimbwa ardhini, shingoni wamefungwa mnyororo mmoja. Kazi hii haidai kwamba shimo hilo liliwahi kutumika. Yajulikana wazi kuwa ni kazi ya siku zetu. Kila uso una umbo lake, na mtazamaji hulazimika kuinama kuuangalia. Hakuna anayeweza kuikanusha kwa tarehe, kwa sababu haikujificha nyuma ya tarehe. Maonyesho ya kudumu yaliyofunguliwa mwaka 2016 katika jengo la Mtakatifu Monika yamefuata njia inayokaribiana na hiyo, yakieleza biashara nzima ya Afrika Mashariki kwa maandishi na picha. Mwongozaji mwenye busara atatumia muda mrefu zaidi hapo kuliko katika vyumba vya chini.

Wajibu wetu

Kwa wanafunzi wetu na kwa wachungaji walioko sharikani tunapendekeza mambo matatu.

Kwanza, kila tunaposimulia habari za mahali patakatifu tutenganishe maswali matatu: nini kilitokea, nini kinasimuliwa, na sisi tunakiri nini. Mhubiri anaweza kuyajibu yote matatu katika dakika mbili. Kusema "kwa mapokeo" au "husimuliwa kwamba" hakuidhoofishi sauti yake.

Pili, vijana wanaoongoza watalii wasaidiwe na sharika zao. Wao ndio wasimulizi wakuu wa nchi yetu kwa wageni, na wengi wamelelewa katika madarasa yetu ya kipaimara. Semina moja kwa mwaka, Karatu mjini, juu ya historia ya Ngorongoro na ya Pwani, ingewapa silaha nzuri kuliko vichekesho walivyorithi.

Tatu, historia za sharika zetu wenyewe ziandikwe sasa, wazee wakiwa hai. Ziandikwe pamoja na majina ya wanawake waliobeba maji na mchanga, ya wakalimani waliowageuzia wamisionari maneno kutoka Kiiraqw, Kidatoga na Kimaasai, na ya majirani wasiobatizwa waliotoa kiwanja. Pale ambapo usharika ulikosea, ulipogombania ardhi au ulipowafukuza watu isivyo haki, nalo liandikwe. Kitabu cha usharika kilichojaa sifa tupu hakitamsaidia mjukuu atakapouliza mawe haya maana yake nini.

Hitimisho

Tumeona kwamba Kanisa la Mkunazini lina historia yenye nguvu, na kwamba masimulizi yaliyoizunguka hayalingani uzito. Pokeo la madhabahu laweza kuhubiriwa kwa uangalifu. Pokeo la msalaba lahitaji kukamilishwa kwa majina ya wachukuzi. Kichekesho cha nguzo chafaa kuachwa, na badala yake mgeni aelekezwe kuinua macho alitazame kuba. Simulizi la vyumba lisitumiwe mimbarani kabisa. Atakayehubiri juu ya Mkunazini Kwaresima ijayo aanze na wale waliotembezwa barabarani alasiri, mchana kweupe, mbele ya watu waliowaona na kupita.